AC ya bei nafuu kwa chumba kimoja cha joto Dar: feni ya maji, ya magurudumu, ya dirishani au ya ukutani?

Chumba ninachokizungumzia kipo Sinza, ghorofa ya juu kabisa, mita tatu na nusu kwa nne, juu ya kichwa ni zege na ukuta mmoja unatazama magharibi, yaani jua la kuanzia saa nane mchana mpaka linazama lote linaishia pale. Mwezi wa pili, saa tatu usiku, ukiweka kiganja kwenye ule ukuta unahisi kama sufuria iliyoepuliwa nusu saa iliyopita, haiunguzi ila joto lipo ndani na linatoka taratibu mpaka alfajiri. Dada yangu alikuwa anakaa humo na mtoto wa miezi mitano, mtoto shingo nzima vipele vya joto, feni inazunguka usiku kucha inarusha hewa ileile ya moto. Ndo nikaanza kutafuta AC. Bajeti tuliyochanga ilikuwa milioni moja na laki moja, humohumo mashine, humohumo fundi na waya. Nimezunguka Kariakoo karibu wiki mbili, nimeongea na mafundi kama sita, nimelala kwenye nyumba za ndugu wenye mashine tofauti nikisoma mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, kabla ya kulala na nikiamka, kwa hiyo ntakayoandika hapa mengi nimeyaona kwa macho.

Kabla ya mashine lazima tuelewane kitu kimoja maana hapo ndo watu wengi wanapoliwa hela. Joto la pwani yetu halina nyuzi kubwa sana, Dar mwezi wa pili na wa tatu mchana inacheza kwenye 32 hivi, kuna sehemu nyingi duniani zina zaidi ya hapo na watu wanapumua vizuri. Kinachotuua sisi ni unyevu. Kipindi cha kaskazi hewa imeshiba maji, jasho linatoka lakini halikauki, linabaki juu ya ngozi linatiririka, shuka linalowa, na mwili unapoa vizuri pale jasho linapokauka. Kwa hiyo mashine inayotufaa ni ile inayotoa maji kwenye hewa, kupoza peke yake hakutoshi. Na wala sio jambo geni, huyo Willis Carrier aliyechora AC ya kwanza mwaka 1902 pale Brooklyn, Marekani, aliitwa na kiwanda cha uchapishaji kwa sababu karatasi zilikuwa zinavimba na kusinyaa kwa unyevu na rangi zinakosana, hakuitwa kuwapoza watu. Ukishika hilo la unyevu, kuchagua kunakuwa rahisi sana.

Feni ya maji

Hii ndo ya kwanza utakayoonyeshwa dukani ukisema hela yako ndogo. Nilizikuta kuanzia laki moja na themanini mpaka laki tatu na nusu, zina tenki la maji chini na vibarafu vya plastiki unaviweka friza halafu unavitumbukiza, na muuzaji atakuwashia palepale dukani upepo ukupige usoni usikie raha. Usinunue kama unakaa Dar, Tanga, Bagamoyo, Unguja, Pemba, Mtwara au Mombasa. Naongea hivi bila kuzunguka kwa sababu nimeona watu wa kipato kidogo wanatoa hela ya mwisho mfukoni kununua hii kitu. Inafanya kazi kwa kuyafanya maji ya tenki yakauke yaingie kwenye hewa, maji yakikauka yanachukua joto, hewa inatoka imepoa kidogo lakini imebeba maji zaidi ya ilivyoingia. Sasa hewa ya kwetu tayari imeshiba, maji hayakauki, unachopata ni feni ya kawaida pamoja na unyevu wa ziada, na ukifunga madirisha ndo kabisa, baada ya saa mbili chumba kinakuwa kama jikoni linapochemshwa maharage. Jirani yake dada alikuwa nayo, godoro liliota ukungu upande wa ukutani.

Lakini kama upo Dodoma au Singida, kule ambako mwezi wa kumi midomo inapasuka kwa ukavu, hiyo ni mashine nzuri kweli, inakula umeme mdogo kama feni, unaacha dirisha wazi kidogo hewa ipite na unalala. Ni kitu kilekile, mahali ndo tofauti.

AC ya magurudumu

Hii ni AC ya kweli, ina kompresa, yaani pampu ya kusukuma gesi, na gesi yenyewe, inatoa maji, unaisukuma popote na ina bomba nene la plastiki la kutolea joto nje dirishani. Wapangaji wanaipenda na nawaelewa, maana mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, na ukihama unaondoka nayo kwenye Bajaji. Bei nilizokuta zilianzia laki nane na nusu kwenda milioni moja na laki mbili.

Shida yake ipo kwenye hilo bomba. Mashine inachukua hewa ya ndani, inaitumia kupoza kompresa, halafu inaitupa nje kupitia bomba. Hewa ikitoka lazima nyingine iingie, na inaingia wapi? Chini ya mlango, kwenye nafasi za dirisha la aluminiamu, kwenye tundu la waya, na inayoingia ni ileile ya moto yenye unyevu ya nje. Kwa hiyo unapoza huku unavuta joto. Na bomba lenyewe linakuwa la moto ndani ya chumba, lishike utaona. Ndo maana mashine iliyoandikwa 12,000 BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) kwenye boksi ukiipima kwa kuhesabu huo upotevu inakuja kama 7,000 au 8,000 hivi, yaani unalipia kubwa unapata ndogo huku umeme unakula wa kubwa. Halafu kelele, kompresa ipo mita moja na nusu kutoka kichwani kwako, ikiwaka usiku mtoto anashtuka. Tulilala nayo kwa shemeji yangu Tabata siku mbili, chumba kilipoa ndio, ila mtoto aliamka mara nne.

Tena madirisha yetu yana grili na nyavu za mbu, bomba halipiti mpaka ukate wavu na uweke kipande cha plaiwudi, na kwenye zile nyumba za vioo vya luva ndo kazi zaidi. Mimi ningemshauri mtu achukue hii kama tu mwenye nyumba amekataa kabisa kutoboa na amekataa kwa herufi kubwa. Na kabla hujakubali hilo jibu, kaongee naye tena, ntaelekeza huko mbele.

Ya dirishani, nyingi ni mtumba

Zile za boksi moja zinazokaa kwenye tundu la ukuta au dirishani. Mpya siku hizi ni chache madukani, nyingi unazokuta ni mtumba kutoka nje, laki mbili na nusu mpaka nne unaondoka nayo. Kwa hela ni rahisi kuliko zote zenye kompresa, na faida yake kubwa ni kwamba gesi imefungwa kiwandani, hakuna paipu za kuunga, kwa hiyo hakuna fundi wa kuharibu.

Ila soma kibati cha nyuma kabla hujatoa hata mia. Tafuta volti (V) na hezi (Hz). Sisi tuna volti 230 na hezi 50. Iliyotoka Japani itaandikwa volti 100, ukiichomeka moja kwa moja imekwenda, na transfoma ya kuibeba AC ni kubwa na ghali mpaka unafuu wote unapotea. Ya Marekani nyingi ni 115 na hezi 60. Hata za Ghuba usidhani zote ni sawa, Saudia wanatumia hezi 60, Omani na Dubai ni 50 kama sisi. Halafu angalia gesi, ukiona R22 ujue hiyo ni ya zamani, gesi inayoharibu tabaka la ozoni ambayo dunia inaiondoa sokoni kutokana na makubaliano ya Montreal ya 1987, kuipata kutazidi kuwa kazi. Na umeme zinakula sana, kompresa imechoka, hujui imekaa wapi miaka mingapi. Mimi niliiacha. Kama una tundu la AC tayari ukutani, nyumba nyingi za zamani za Upanga na Kurasini zinayo, hapo ndo ningeifikiria.

Ya ukutani: ya kawaida au ya inveta?

Sasa hapa ndo penyewe. Spliti, mashine moja ndani nyingine nje, katikati paipu za kopa. Kompresa ipo nje na kelele zake, joto linatupwa nje bila kuvuta hewa ya nje kuingia ndani, na maji yanatoka kwa mpira mdogo. Hilo la maji nataka ulione kama nilivyoliona. Usiku wa kwanza tulipofunga, mpira ulikuwa bado haujaelekezwa kwenye mtaro tukauweka kwenye ndoo ya lita kumi, asubuhi saa moja ndoo imefika karibu robo tatu. Maji yale yote yalitoka kwenye hewa iliyopita kile chumba usiku ule, ndo hayohayo yaliyokuwa yanaishia kwenye shuka na kwenye shingo ya yule mtoto. Dada aliiangalia ile ndoo muda mrefu, akasema "kumbe tulikuwa tunalala ndani ya maji."

Za kawaida za 9,000 BTU nilizikuta laki sita mpaka saba, za inveta ukubwa huohuo laki nane na nusu mpaka tisa na nusu. Tofauti tuseme laki mbili na nusu. Hizo ni bei za nilipozunguka mimi, zinapanda na kushuka na dola, ila ule upana wa tofauti ndo wa kuuangalia.

Ya kawaida kompresa yake inajua vitu viwili tu, kuwaka yote au kuzima. Ikiwaka ya 9,000 inavuta kama wati 850 au 900, ikifika nyuzi ulizoweka inazima, chumba kikipanda inawaka tena, usiku kucha hivyo, na kila ikiwaka inavuta umeme mwingi kwa ghafla mpaka taa zinafifia sekunde moja. Ya inveta inapunguza mwendo, mwanzoni inakimbia, chumba kikishapoa inatembea taratibu kwa wati 250, 300, bila kuzima. Na kwa sababu inatembea muda wote inaendelea kutoa maji muda wote, hewa inabaki kavu, hii wauzaji hawaisemi wakati kwa sisi wa pwani ndo faida yenyewe.

Na hapa nirekebishe kitu nilichosikia kwa watu zaidi ya mmoja: inveta ya AC sio ile inveta ya sola. Umeme ukikatika AC ya inveta inazima kama nyingine zote, haina betri. Kuna mama mmoja alinunua akijua itawaka kwenye mgao, iliniuma sana kumwelewesha baada ya kulipa.

Tuje kwenye LUKU, maana bei ya dukani unalipa mara moja ila LUKU ni ya kila siku. Tarifu ya kawaida ya nyumbani ukiweka na kodi zote uniti moja inakuja shilingi 356 hivi, ndo maana elfu kumi unapata uniti 28. Kwa kusoma mita, usiku mmoja kuanzia saa nne mpaka saa moja asubuhi, nyuzi 26, chumba cha ukubwa huo: ya kawaida ilikula karibu uniti 5, ya inveta karibu 3. Piga hesabu, ya kawaida shilingi 1,780 kwa usiku, mwezi elfu 53 na kitu. Inveta 1,068 kwa usiku, mwezi elfu 32. Tofauti kama elfu 21 kwa mwezi. Laki mbili na nusu ya ziada uliyolipa dukani inarudi baada ya miezi 12 ya kuiwasha kila usiku. Lakini nani Dar anawasha AC miezi 12? Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa kusi inavuma na usiku feni inatosha. Ukiiwasha miezi mitano kwa mwaka, hela inarudi baada ya miaka miwili na zaidi. Kwa hiyo mtu anayelala tu humo, anaondoka asubuhi kurudi usiku, na ana hela kidogo sasa hivi, ya kawaida ya 9,000 sio kosa hata kidogo, asikubali kuaibishwa dukani. Ila kama mchana kuna mtu ndani, mtoto, mgonjwa, mzee, au unafanya kazi nyumbani, masaa yanakuwa 14 au 18 na inveta inajilipa haraka sana. Sisi tulikuwa na mtoto, tukachukua inveta, laki nane na sabini.

Kuna jambo la tarifu ambalo linaumiza watu kimyakimya. Kama upo kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambayo uniti ni kama shilingi 122 na kodi, ujue AC peke yake hata ya inveta usiku tu ni uniti 90. Utavuka, na ukivuka zile za ziada zinalipiwa bei kubwa, na ukiendelea unahamishiwa tarifu ya kawaida, kuanzia hapo hata friji na taa na pasi zako zote zinalipiwa 356. Hilo ongezeko ni la AC pia, liweke kwenye hesabu kabla hujanunua.

Na wapangaji wa nyumba za vyumba vingi wenye LUKU moja, tafadhali, usifunge AC kimyakimya ukaendelea kuchangia elfu kumi kama wenzako. Nimeona ugomvi mpaka kwa mjumbe. Nunua mita ndogo, fundi anakufungia kwenye laini ya AC tu, mwisho wa mwezi unasoma namba mbele ya wote unalipa za kwako. Inarudisha amani.

Inveta ina udhaifu mmoja na niuseme wazi. Ndani yake kuna bodi ya kielektroniki, umeme ukipanda ghafla au ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika bodi inaungua, na bodi ni hela ndefu, mara nyingine karibu nusu ya bei ya mashine. Ya kawaida haina mambo mengi hivyo, fundi wa mtaani anabadilisha kapasita kwa elfu chache maisha yanaendelea. Kwa hiyo ukichukua inveta chukua na gadi ya AC, ile inayokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri dakika tatu mpaka tano kabla ya kurudisha, na sio gadi ya friji, haibebi. Kwa upande mwingine maeneo yenye umeme mdogo jioni, inveta inawaka vizuri kuliko ya kawaida kwa sababu haihitaji ule mvuto mkubwa wa kuanzia.

9,000 au 12,000?

Kila duka watakwambia chukua 12,000 "ili ipoze haraka bosi." Kwa chumba cha mita za mraba 14 usikubali. Mimi napiga mita ya mraba mara 600, 14 inakuja 8,400, kwa hiyo 9,000 inatosha. Kama juu ni bati na hakuna dari, piga mara 800 na hapo ndo unaingia kwenye 12,000, na bora hiyo tofauti ya hela ukapige dari ya jipsamu kwanza. AC kubwa kuliko chumba, hasa ya kawaida, inapoza kwa dakika tano inazima kabla haijatoa maji, unabaki na chumba cha baridi chenye unyevu, ngozi inanata. Kwenye pwani hilo ni kosa kubwa kuliko kununua ndogo kidogo.

Na kuweka rimoti nyuzi 16 hakuipi ya kawaida nguvu zaidi, kompresa yake mwendo ni mmoja, itachelewa kuzima tu na LUKU inateketea. Weka 26, washa na feni ya kawaida mwendo wa kwanza ikusogezee hewa, utashangaa. Rimoti nyingi zina alama ya tone la maji, siku za mvua za masika wakati hakuna joto ila kuna fukuto bonyeza hiyo, inakausha hewa bila kuipoza sana.

Fundi

Pesa yote hiyo inaweza kuharibiwa na fundi ndani ya saa moja. AC ya rafiki yangu, ilikuwa mpya kabisa, ilifungwa na fundi aliyekuja na spana na drili tu. Alipounga paipu akafungua gesi kidogo, psssss, akaiachia itoke upande mmoja, akasema "natoa hewa kaka, usiogope." Ile gesi ya kusukuma hewa ilitakiwa ibaki ndani ya mashine, na hewa haitoki yote kwa njia hiyo, na unyevu unabaki ndani ya paipu ukiila kompresa taratibu. Baada ya miezi minne paipu nyembamba ikawa inaota barafu, chumba hakipoi. Akaja kuongeza gesi, elfu themanini. Miezi mitatu tena. Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari jamani, inazunguka tu miaka yote, ikipungua maana yake inavuja, na anayekuongezea bila kutafuta inapovujia anakuibia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi, kabla ya bei: "una vakyumu pampu?" Aje nayo, aiunge, iachwe ivute hewa dakika 20 mpaka 30, afunge, asubiri aone kama mshale wa geji umesimama, ndo afungue gesi. Na kwenye maungio apake povu la sabuni muone kama kuna kitu kinapumua. Akikwambia haina haja kwa sababu paipu ni fupi, mshukuru, mwite mwingine. Wetu alichukua laki moja na ishirini, alikaa masaa matatu na sikujutia hata shilingi.

Waya uwe wa milimita za mraba 2.5, laini yake peke yake kutoka kwenye meini swichi na breka yake ya 16 au 20. Usichomeke kwenye ekstensheni, nimeona moja iliyoyeyuka ikashikana na zulia. Mashine ya nje iwekwe sehemu yenye kivuli na upepo na ambapo fundi anaweza kuifikia kuosha. Kama upo Kigamboni au Mbezi Beach karibu na maji, chumvi inakula yale mapezi ya aluminiamu nyuma, uliza yenye koili iliyopakwa rangi ya bluu au ya dhahabu na uimwagie maji safi kila baada ya miezi michache. Filta ya ndani unaitoa mwenyewe, unaiosha bombani kila wiki mbili, vumbi la mjini linaijaza haraka na ikijaa AC inakula umeme bila kupoza.

Gesi ukiwa na uchaguzi chukua R32 badala ya R410A, inapoza vizuri na madhara yake kwa hali ya hewa ni kama theluthi ya ile nyingine, ila inaweza kushika moto kidogo kwa hiyo fundi asivute sigara wala asichomelee paipu ikiwa na gesi ndani.

Mwenye nyumba na ukuta

Nilisema ntaelekeza. Mama mwenye nyumba wa dada alikataa mara ya kwanza kwa simu. Tukaenda jioni, shikamoo mama, tukakaa, tukamwonyesha kwamba tundu linalohitajika ni kama la kikombe cha chai, moja tu, na linatobolewa kwa kushuka kidogo upande wa nje ili mvua isiingie, na tukamwandikia karatasi kwamba tukihama tunaliziba kwa saruji na kupaka rangi. Akamuuliza mtoto ana nini shingoni. Akakubali. Na ukihama spliti inahama pia, fundi mzuri anaikusanya gesi yote kwenye mashine ya nje, anafunga, anafungua paipu, unabeba. Utalipa ufundi mara mbili lakini mashine ni yako.

Chumba chenyewe kabla ya yote

Tulichofanya kwanza kiligharimu chini ya elfu sabini. Pazia zito la rangi nyepesi upande wa magharibi, mpira wa kuziba chini ya mlango, silikoni kwenye nafasi za dirisha, na nyumba za bati kuna wanaopaka bati rangi nyeupe juu na inasaidia kweli. Baada ya pazia peke yake ukuta ulikuwa bado wa moto usiku lakini chumba hakikuwa tanuri tena mchana. Bila hayo ungeifanya mashine ya 9,000 ifanye kazi ya 12,000 kila siku.

Ukihesabu yetu yote, mashine laki nane na sabini, fundi laki moja na ishirini, waya na breka na gadi elfu tisini, jumla milioni moja na elfu themanini. Kwa mtu mmoja anayelala tu ningemchagulia ya kawaida na angebaki na zaidi ya laki mbili mkononi. Vipele vya mtoto vilikauka ndani ya wiki.

La mwisho ni muda wa kununua. Sisi tulinunua mwezi wa pili kwa sababu ya shida, na mwezi wa pili kila mtu anatafuta AC, bei haipungui na fundi ana nyumba tano kwa siku anataka kukimbia. Kama unaweza kusubiri, nunua mwezi wa sita au wa saba kusi ikivuma, muuzaji anakaa na wewe mnaongea bei, na fundi ana muda wa kuiacha ile pampu ivute nusu saa nzima.